Mikia ya Profesa

Watu wakisikia kwamba Mama Lami anafanya kazi ya mafuta, swali lao la kwanza huwa ni lini petroli itashuka bei. Yeye hujibu kwamba hajui, jambo ambalo ni kweli tupu, nao huondoka wakiwa na hakika kwamba anajua ila ana roho mbaya. Jirani wa upande wa kushoto aliwahi kumletea dumu tupu, akamwomba amtilie "hata yale ya mwishomwisho." Mama Lami akamweleza kwa adabu kwamba ya mwishomwisho ndiyo hasa anayoshughulika nayo, ila gari likitiwa hayo halitaondoka lilipo mpaka livutwe. Jirani alinuna. Dumu lake hakulifuata, na sasa linatumika kuchotea maji.

Kazi yenyewe ni hii. Mafuta ghafi yakitoka ardhini huwa ni mchanganyiko wa vitu vingi mno. Vile vyepesi hugeuzwa gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa na dizeli, na kila mtu anavipenda. Chini kabisa hubaki kitu cheusi, kizito, kisichopendwa na yeyote, ambacho huganda ndani ya mabomba na kuyaziba hadi wahandisi wakatamani kulia. Wanakemia hukiita asfaltini. Ukiyamwaga mafuta ghafi ndani ya kiyeyusho chepesi kiitwacho heptani, karibu kila kitu kitayeyuka isipokuwa asfaltini, ambayo hushuka chini kama machicha ya kahawa. Mama Lami ameyakodolea macho machicha hayo kwa zaidi ya nusu ya umri wake akitaka kujua jambo moja tu: yamejengwaje? Yaani ukichukua chembe yake ndogo kabisa, molekuli moja, ina umbo gani? Katika maabara yao hakuna chombo cha kuitazama moja kwa moja. Unaipima kwa pembenipembeni, kwa mashine hii na ile, kisha unachora unachodhani, sawasawa na mtu anayepapasa gunia lililoshonwa mdomo.

Jina la Mama Lami hakulipata kwenye kemia. Alilipata utotoni, kwa sababu baba yake alikuwa mpikaji wa lami ya barabara. Kila jioni mzee alirudi na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na mama akaisugua kwa sabuni na maji bila lami kujali hata kidogo, kisha akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, na lami ikatoka yenyewe kana kwamba imeitwa. Binti aliuliza kwa nini. Mama alisema ndivyo ilivyo. Baba alisema akaulize shuleni. Shuleni aliambiwa akae chini. Alikaa chini miaka yote hiyo na swali lake mpaka alipofika chuo kikuu, ambako mtu mmoja mwenye koti jeupe lililokatika vifungo alimjibu mpaka mlinzi akaja kufunga milango.

Mtu huyo ndiye Profesa. Watu wote humwita hivyo, mkewe akiwemo.

Profesa alimfundisha, akamwajiri, na mwishowe akamfanya mkwe, ingawa hilo la mwisho hukana kwamba lilikuwa na mpango wowote. Alikuwa na kijana wake aliyeichukia kemia, hata ile ya kuchanganya chai na maziwa, na kwa sababu zisizoeleweka akawa anamtuma kijana huyo kila mchana alete chakula maabara. Chakula kilikuwa kingi kuliko tumbo la mtu mmoja. Siku hizi kijana huyo hushona mapazia, na akiulizwa mkewe anafanya kazi gani husema anaosha vitu. Hajadanganya.

Kwa maana kuosha ndiyo shughuli kubwa. Asfaltini ikishuka chini haishuki peke yake. Huburuta vitu vingine visivyo vyake, na usipoviondoa, utapima uchafu na kuuita elimu. Kwa hiyo unga mweusi hutiwa kwenye kifuko cha karatasi ya kuchujia, na kifuko hutiwa kwenye mtambo wa vioo. Chini kuna chupa ya mviringo inayochemsha heptani. Mvuke hupanda, hupozwa huko juu, hugeuka matone, na matone hudondokea kifukoni, hupita katikati ya unga yakizoa uchafu, na kurudi chupani. Tone la kwanza kutoka kwenye kifuko huwa na rangi ya kahawa. Baadaye ya chai ya rangi. Baadaye ya chai ya mtu bahili. Mwisho hutoka limetakata kama maji. Juu ya sinki la maabara, kwa rangi ya bluu na kwa mkono wake mwenyewe, Profesa alikuwa ameandika sheria ambayo wanafunzi wote waliomaliza hapo waliondoka nayo moyoni: TONE LIKITAKATA, ACHA.

Kwa sheria hiyo Profesa alichora mchoro wake. Ulikuwa na sahani katikati, yaani pembesita zilizoungana kama vigae vya bafuni, na kuizunguka sahani hiyo mikia, mirefu, iliyopindapinda, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wenzake wa nchi nyingine walichora mikia mifupi. Profesa alisema hawajui kuosha. Mchoro ulichapwa kwenye vitabu, kwenye vikombe vya taasisi, na kwenye pazia la sebuleni kwake, ambalo mwanawe alilishona kwa heshima bila kuuliza lile dude ni nini.

Kisha mkurugenzi wa taasisi akaamua kwamba Profesa, ambaye alikuwa ameshastaafu na kuanza kusahau miwani yake kichwani, ajengewe sanamu. Si sanamu yake, kwa kuwa uso wake ungewatisha wageni, bali ya molekuli yake: ya chuma, kubwa kuliko lori, pale langoni. Fundi wa kuchomelea aliletwa. Alikuwa mtu wa geti na madirisha, na aliutazama mchoro kwa muda.

"Hii sahani naiweza," alisema. "Na hii mikia nitaipinda kwa mabomba. Nani ananipa vipimo?"

Mkurugenzi akamwonyesha Mama Lami.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe alianguka kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Ngazi zile hazikuwa na pa kushikia, na mama mkwe alikuwa ameomba bomba la kushikia tangu nyumba ilipojengwa. Profesa kila mara alijibu, "Nitapima." Alikuwa amepima vitu visivyoonekana kwa macho, lakini ngazi za jikoni hakuwahi kuzifikia. Safari hii mfupa wa mguu ulivunjika. Mama Lami alipigiwa simu akiwa maabara, akamwambia fundisanifu, "Niangalizie mtambo," akatoka mbio.

Fundisanifu huyo huitwa Bwana Sawa, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa mambo yote, hata yale yaliyoulizwa kwa nini. Mama Lami alilala hospitali na mama mkwe siku kadhaa, akimgeuza, akimlisha, akimsikiliza akimsema Profesa. Aliporudi maabara alikuta mtambo bado unachemka, matone yanadondoka tik, tik, na Bwana Sawa ameketi mbele yake kama anayeuguza mgonjwa.

"Hukuuzima?"

"Hukuniambia niuzime."

"Nilikwambia uniangalizie!"

"Nimekuangalizia," alisema Bwana Sawa. "Heptani ilikuwa inapungua, nikabadilisha chupa ya chini, nikaweka safi yenye heptani mpya. Tone lilitakata siku ile ile ulipoondoka."

"Na bado ukaendelea?"

"Sawa," alisema Bwana Sawa, na haikujulikana anakubali nini.

Mama Lami angeutupa unga ule, lakini alilelewa na mama asiyetupa hata kitambaa cha kusugulia lami. Akaukausha, akaupeleka kwenye mashine ya sumaku, ambayo hukadiria ni kaboni kiasi gani iko kwenye sahani na kiasi gani iko kwenye mikia. Jibu lilipotoka aliketi. Mikia ilikuwa imefupika, na si kidogo, kama nywele zilizopita kwa kinyozi mwenye hasira.

Alidhani mashine ina wazimu. Akapima tena, na mashine ikamjibu vilevile. Ndipo akaikumbuka ile chupa ya chini, ile safi aliyoiweka Bwana Sawa. Ilipokuwa ya moto, heptani ndani yake ilikuwa angavu kabisa. Sasa ilikuwa imepoa mezani, na katikati yake kulikuwa na wingu jeupe linaloshuka polepole. Alilichuja, likabaki kwenye karatasi kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi. Alilisugua kwa vidole. Ilikuwa nta. Nta ya mafuta ghafi, jamaa wa ile ya mishumaa.

Hapo mambo yote yalijipanga mbele yake, na hakupenda yalivyojipanga. Nta ni minyororo mirefu ya kaboni. Inashuka pamoja na asfaltini na kujificha ndani yake. Mashine ya sumaku haiulizi mnyororo umeshikana na nani. Ni kama mhesabu watu aliyefika nyumbani siku ya wageni, akawaandika wote kuwa watoto wa mwenye nyumba. Na kuosha kote kule, miaka yote ile, hakukuifikia, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama rangi. Nta haina rangi. Tone lilipotakata ndipo ilipokuwa imeanza tu kutoka, na ndipo walipoacha. Wale wenzao wa nchi nyingine, ambao hawakujua kuosha, pengine walikuwa tu wasahaulifu wa kuzima mitambo.

Maandiko yake mwenyewe Mama Lami yalikuwa na mikia hiyo hiyo, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni yule mzee. Alimpenda, na hakuna haja ya kulizungusha. Baba yake mzazi alifariki kabla hajamwona binti yake na koti jeupe, na siku ya harusi Profesa ndiye aliyesimama mahali pake, akalia kuliko wanawake wote waliokuwepo. Akifurahi humwita "mwanangu." Akikasirika humwita "Daktari," na hiyo Daktari ya Profesa ni baridi kuliko friji. Sasa alitakiwa aende kwa mzee huyu, mkewe akiwa amelala na mguu umefungwa plasta na sanamu yake ikiwa inasubiri mabomba, amwambie kwamba fahari ya maisha yake ni mishumaa.

Fundi wa kuchomelea alipiga simu.

"Mama, sahani tayari. Vipimo vya mikia?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri mpaka lini? Mabomba yamekuja, yananiziba mlango. Mke wangu anayaruka."

"Mpaka nikwambie."

Alijaribu kumwambia Profesa mezani, akaishia kumwuliza kama chumvi inatosha. Alijaribu tena sebuleni, lakini lile pazia lilimtazama kwa mikia yake yote, akatoka akijitia kutafuta ndoo. Mumewe, aliyekuwa anapiga pasi, alisikiliza kisa chote mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Si unyamaze tu?" alisema. "Ni sanamu ya langoni. Nani atapima?"

"Mimi nitakuwa napita hapo kila asubuhi."

"Pitia geti la nyuma."

Mama Lami alilifikiria geti la nyuma kwa uzito kuliko alivyotaka. Kulinyamazia jambo hili kulikuwa rahisi, na Profesa angekufa siku yake ikifika akiwa na furaha. Lakini mtu aliyemfundisha kwamba usiposafisha utapima uchafu na kuuita elimu ni huyo huyo. Akapiga moyo konde, akavuka ua ulio kati ya nyumba yao na ya wakwe.

Profesa alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni, zile zile, anapiga viatu rangi kwa ajili ya siku ya uzinduzi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama umetumwa na mkurugenzi, mwambie hotuba aliyoniandikia sitaisoma. Imejaa 'nguli' tupu."

"Sikutumwa na mkurugenzi. Ni habari ya mikia."

"Fundi ameipinda vibaya?"

"Hajaipinda bado. Baba, mikia ile haipo. Ipo, lakini ni mifupi. Ule urefu wote ni nta."

Brashi ilisimama juu ya kiatu.

"Nta ya wapi?"

"Ya mafuta yenyewe. Inashuka pamoja na asfaltini, na sisi tunaacha kuosha kabla haijaisha."

"Mnaacha tone likiwa chafu?"

"Tunaacha likitakata."

"Basi?"

"Nta haina rangi, Baba."

Profesa alikitazama kiatu kana kwamba ndicho kilichosema. Alikipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Mwishowe akakiweka chini kando ya mwenzake, akavinyoosha vyote viwili vikae sawa.

"Asante kwa taarifa, Daktari," alisema, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Profesa hakugomba wala hakununa. Alikuwa na adabu ya kutisha. "Daktari, naomba chumvi." "Daktari, nadhani simu yako inalia." Mama mkwe kutoka kitandani aliuliza ni daktari gani anayekuja kila siku na mguu wake hautazami. Mama Lami alikula bila kujua anakula nini. Chumbani alilia, kisha akaosha uso akaenda kazini, na njiani akajiuliza kama hii ndiyo zawadi ya kusema kweli au kama alikosea namna ya kuisema tu.

"Mwambie umekosea hesabu," mumewe alishauri.

"Sijakosea."

"Najua. Nasema umwambie tu."

Asubuhi moja mlango wa maabara ulifunguliwa, akaingia Profesa na koti lake la zamani, lile la vifungo vilivyokatika. Bwana Sawa alisimama wima. Profesa alipita moja kwa moja hadi kwenye kabati la nyuma, akashusha kichupa cheusi chenye karatasi iliyogeuka njano. Kilikuwa na unga wake mwenyewe, ule aliouosha kwa mikono yake enzi hizo, na ndio uliozaa mchoro. Mama Lami hakuruhusu hata siku moja kitupwe.

Profesa alikataa kusaidiwa. Alijaza kifuko, akaweka chupa safi na heptani mpya, akawasha.  Akavuta kiti.

Tone la kwanza kutoka kwenye kifuko lilitoka limetakata.

"Unaona, Daktari?" alisema. "Safi."

"Naona, Baba."

Kwa sheria iliyo ukutani kazi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Profesa aliitazama sheria, akautazama mtambo, akabaki kitini. Alikaa mpaka jioni. Kesho yake alirudi, akakaa tena. Alipewa chai akainywa ikiwa imepoa. Bwana Sawa aliongeza heptani bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemlaumu.

Hatimaye Profesa aliuzima mtambo, akaitoa chupa, akaitumbukiza kwenye beseni la barafu. Wote watatu walisimama kuizunguka. Mwanzo haikuonekana kitu. Kisha, kutoka pembeni palipogusana na barafu, wingu likaanza. Dogo, halafu likasambaa, likawa jeupe, likaijaza chupa. Profesa aliinua chupa dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Maji ya barafu yalimtiririka kwenye mkono wa koti na hakujali.

"Nilikuwa natazama rangi," alisema.

 Mama Lami alitaka kumshika mkono, akaogopa.

Profesa aliiweka chupa mezani kwa uangalifu. Akaomba kalamu nene ya kuandikia maboksi, akaenda kwenye sinki, akakata neno la mwisho la sheria yake kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika jingine. Tangu siku hiyo ukuta unasomeka: TONE LIKITAKATA, ENDELEA.

"Daktari," alisema bila kugeuka, "mpigie fundi simu. Mikia iwe mifupi."

Kwa hiyo alikuwa ameyakubali yale ya chupani. Ya kwake yeye na mkwewe yalikuwa bado, na Mama Lami akaenda kupiga simu.

Mkurugenzi alikuja juu. Alisema vipeperushi vimeshachapwa, na ndani yake mikia ni mirefu.

"Basi vipeperushi vina nta," alisema Profesa.

Siku ya uzinduzi turubai liliondolewa, ikaonekana sahani kubwa ya pembesita yenye vimikia vifupi, kama mdudu aliyekatwa miguu. Wageni walipiga makofi, kwa kuwa hawakujua inatakiwa kufanana na nini. Profesa akashika kipaza sauti. Hotuba ya mkurugenzi aliiacha mfukoni.

"Mimi nilichora mikia mirefu," alisema. "Ilikuwa nta. Aliyeniambia ni daktari mmoja wa hapa, na alikuwa sahihi. Ahsanteni."

Akaketi. Watu walitazamana wasijue kama hiyo ni sehemu ya kupiga makofi. Katika kimya kile sauti ya Bwana Sawa ilisikika kutoka nyuma, wazi kabisa, ikisema, "Sawa." Mama Lami alimwangalia mzee kwa pembe ya jicho. Alikuwa amenyoosha mgongo, viatu vinang'aa, na hakumtazama mtu.

Jumamosi yake fundi wa kuchomelea alifika nyumbani na mkokoteni. Juu yake yalikuwepo mabomba yaliyobaki, yale yaliyokuwa yawe mikia mirefu, mazima, ambayo mkewe alimwambia yasirudi mlangoni kwake. Profesa ndiye aliyempigia simu, bila kumwambia mtu. Alikuwa kwenye ngazi za jikoni na futi ya kupimia, amepiga magoti, anapima. Alipima kila ngazi. Alipima na urefu wa mkono wa mkewe, ambaye alikuwa ametolewa nje na kukalishwa kitini, mguu wa plasta juu ya stuli, anasimamia.

"Ndivyo vile vidude vyako vya miaka yote?" mama mkwe aliuliza.

"Ndivyo."

"Ni vinene. Vizuri."

"Kule havikuwa na kazi," alisema Profesa. "Nilivibandika tu."

"Hapa vina kazi," alisema mama mkwe. "Kingine ukiweke upande wa huku, nishike kwa mikono yote miwili. Nimesubiri sana mimi."

Mama Lami alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake, ng'ambo ya ua, na sahani mkononi iliyokwisha kukauka zamani. Mumewe alikuwa kazini. Aliona fundi akivaa miwani yake myeusi na kusema kwamba ili apige doa la kwanza la kuchomelea, lazima mtu ashike bomba huku juu na mwingine ashike kule chini, lisicheze. Profesa aliinua ncha ya juu. Ilikuwa nzito, ikaanza kumponyoka. Alitazama huku na huku kama mtu aliyesahau miwani. Kisha macho yake yakavuka ua.

"Mwanangu," aliita, "njoo ushike hapa."

Mama Lami aliiweka sahani chini pale pale mlangoni, akaenda, akashika.